Taa ya Kusomea ya Leonard

Wanawake wengi wanaopata kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba za Wayahudi wa Kemp Mill, huko Marekani, hulalamikia Ijumaa. Rosalie aliipenda. Wenzake walisema unachoka kukaa na bibi ambaye, jua likishazama na Sabato kuingia, hagusi swichi, hapokei simu, hapashi chakula moto, hata karatasi ya chooni ameichana vipande mapema na kuipanga kwenye kisanduku. Rosalie aliwasikiliza kwa heshima, na moyoni akasema hiyo ndiyo nyumba aliyokuwa akiitafuta tangu ashuke kwenye ndege. Nyumba ambayo watu hawawashi taa ovyo.

Maana Rosalie na taa walikuwa hawapatani kabisa. Kwake Riverdale Park, giza likiingia, alipika kwa mwanga wa jiko na kula kwa mwanga wa dirisha, na taa yoyote aliyowashiwa na mtu aliizima mara tu mtu huyo alipogeuza mgongo. Binti yake Nishimwe, aliyezaliwa hapa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, alikuwa amechoka. "Mom, it's like living in a cave," alimwambia, akachukua madaftari yake akaenda kusomea kwenye ngazi za jengo, chini ya taa ya wapangaji wote. Rosalie alimwacha aende. Hakuwahi kumweleza sababu, na mtoto alishaacha kuuliza.

Sababu ilikuwa hii. Huko milimani juu ya Uvira, Rosalie akiwa msichana anayeanza kukua, vita vilipita na kurudi mpaka watu wakajiwekea amri: jua likitua, hakuna moto. Usiku mmoja alishikwa na homa, akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Mama yake alivumilia, akavumilia, mwisho akawasha kibatari apate kuona chupa ya dawa na kijiko. Kibatari kidogo tu. Lakini nyumba ya udongo ina nyufa, na waliokuwa ng'ambo ya bonde na bunduki zao waliona. Mama aliposikia miguu, alimsukuma Rosalie chini ya kitanda, akakibeba kile kibatari, akatoka nacho nje na kukipeleka upande wa migombani. Wale watu wakafuata mwanga. Hakuna aliyemwona mama tena, wala kaburi lake.

Tangu hapo mama alikuja gizani. Hakuja kila siku, na hakuja kwa kutisha. Rosalie angekuwa ameketi peke yake, harufu ya mafuta ya taa ingeingia, kisha kitu karibu naye kingelia, kiti au ubao wa sakafu, chini ya uzito wa mtu anayeketi polepole. Hawakusemezana. Wangekaa hivyo mpaka usingizi umchukue Rosalie. Mara moja tu, kwenye kambi ya wakimbizi, aliwasha tochi ili amwone, na mama akapotea, na miezi mingi ikapita kabla harufu ile haijarudi. Rosalie aliapa hatamfukuza tena. Kwa hiyo msimwone mtu wa ajabu. Alikuwa analinda kitu pekee alichobaki nacho cha mama yake, na kitu hicho hakikupenda taa.

Aliyemwachia kazi ya Kemp Mill ni Leokadia, Mtanzania wa Bukoba, ambaye alikuwa amemtunza Bibi Mindel mpaka magoti yake mwenyewe yakakataa ngazi. Leokadia alimfundisha kazi siku nzima jikoni, huku akila biskuti za mwenye nyumba. Taa za kusimama za sebuleni na koridoni zinaendeshwa na taima, kidude chenye gurudumu kilichochomekwa ukutani, kinachowasha chenyewe na kuzima chenyewe bibi akishalala. Balbu ya friji imetolewa, isiwake mlango ukifunguliwa. Sufuria inawekwa juu ya jiko kabla ya jua kuzama na haiguswi tena. Sikukuu nazo zina utaratibu wake: siku ya sikukuu bibi anaruhusiwa kuchukua moto kutoka kwenye moto unaowaka tayari, lakini Sabato hata hilo hapana. Rosalie akauliza kwa nini. Leokadia akasema yeye aliuliza miaka yote aliyokaa pale, akajibiwa miaka yote, na bado hajui.

"Halafu hatakuomba kitu," Leokadia alimwonya. "Siyo kiburi, dada yangu. Haruhusiwi kukutuma. Atasema tu, leo humu mna baridi, basi ananyamaza. Hapo wewe ujiongeze."

"Na nikijiongeza mubaya?"

"Utajua tu. Atakuangalia."

Bibi Mindel hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na ole wako ujaribu. Alikuwa amefundisha hesabu kwenye shule ya wasichana, na mpaka leo alikutazama kana kwamba hujamaliza zoezi lako. Lakini mumewe Leonard alikuwa amefariki vuli ile, na tangu hapo bibi akaanza kuogopa giza. Alimsimulia Rosalie mchana kweupe, kwa sauti ya mtu anayelalamikia panya. Leonard anarudi. Anapita koridoni, anakwenda kwenye kiti chake cha ngozi karibu na dirisha la nyuma, anaketi. Kando ya kiti hicho ilisimama taa yake ya kusomea, ya shaba, yenye mnyororo mfupi wa kuvuta, ambayo haikuwashwa tena tangu afe.

"Mwanangu Ethan anasema ni mabomba ya maji," bibi alisema. "Ethan ni wakili."

Rosalie hakucheka. Alimwamini palepale, na nadhani ndiyo maana bibi alimpenda.

Sasa twende kwenye Ijumaa yenyewe. Ilikuwa Januari, wakati jua linakimbia kabla watoto hawajafika nyumbani kutoka shule. Ethan na mkewe walikuwa wamekwenda Baltimore kwa wakwe. Rosalie alikuwa akifanya usafi wa Sabato, akapangusa kila kilichokuwa na vumbi, na taima ikawamo. Kitambaa kilipita juu ya lile gurudumu, gurudumu likazunguka mbele saa kadhaa, naye hakuona. Akaenda zake kung'arisha vijiko.

Jioni bibi aliwasha mishumaa yake miwili, akafunika macho kwa viganja, akaomba. Wakaketi kula. Bibi alikuwa katikati ya supu, akimsema jirani mmoja aliyepaka mlango wake rangi ya chungwa, mara ukutani pakalia kitu, tak, na taa zote zilizokuwa zinawaka zikazimika kwa pamoja.

Bibi akaweka kijiko chini. Wakatazamana juu ya mishumaa. Rosalie akakumbuka kitambaa chake, uso ukamwaka kwa aibu, akasema kila kitu palepale na kuomba msamaha. Bibi akajibu kwamba lililopita limepita. Yeye haruhusiwi kuigusa ile taima, wala haruhusiwi kumwambia Rosalie aiguse, kwa hiyo hakuna la kujadili. Alisema hivyo kwa utulivu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mishumaa, ambayo ilikuwa mifupi.

"Ingekuwa sikukuu, ningewasha mwingine kutoka kwenye huu," alisema. "Leo ni Sabato."

Wakamaliza supu. Wakamaliza kuku. Mshumaa mmoja ukazimika. Wa pili ukahangaika kidogo, nao ukafuata.

Na hapa niseme ukweli ambao Rosalie mwenyewe aliuonea haya baadaye: alifurahi. Giza lilipofunga alihisi mabega yake yakishuka, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Kisha akazisikia pumzi za bibi. Zilikuwa fupi na za haraka. Bibi akauliza kama Rosalie bado yupo, Rosalie akasema yupo. Halafu bibi akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba humu ndani kuna giza sana.

Rosalie akajiongeza. Roho haikutaka, lakini alipapasa ukuta mpaka koridoni, akapata swichi ya taa ya dari, isiyotegemea taima, akaiwasha.

Bibi Mindel alifumba macho. Aligeuzia uso ukutani na kuyafunika macho yake kwa viganja, namna ileile alivyofanya kwenye mishumaa.

"Umeiwasha kwa ajili ya nani?" aliuliza.

"Kwa ajili yako, Bibi."

"Basi siwezi kuitumia."

Akamweleza sheria, bila kuondoa viganja. Mtu asiye Myahudi akiwasha taa siku ya Sabato kwa ajili ya Myahudi, Myahudi huyo haruhusiwi kunufaika na mwanga wake. Haruhusiwi kuusomea, kuulia, wala kuutembelea. Lakini akiiwasha kwa haja yake mwenyewe, kwa sababu yeye anataka kuona, basi mwanga huo uko huru na yeyote aliyepo chumbani anaweza kuona nao. Akaongeza kwamba hamwambii Rosalie afanye chochote. Anamfundisha tu, kwa sababu alikuwa mwalimu.

Rosalie akaona njia. Akasema basi taa hii ni yake, ameiwasha kwa ajili yake.

Bibi akacheka kicheko kikavu. "Wewe? Nimekuona ukiosha vyombo gizani. Niambie unataka kuona nini."

Rosalie akajaribu upande mwingine. Aliwahi kusikia kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuwashiwa taa. Bibi akasema yeye si mgonjwa, yeye ni mzee, na hayo ni mambo mawili. Je, akianguka? Akianguka, au hata wakishuku tu kwamba roho iko hatarini, taa zitawashwa na simu itapigwa, na kuchelewa kufanya hivyo ndiko kungekuwa dhambi. Lakini hajaanguka. Ameketi kwenye kiti, anaogopa, na woga wa mtu aliyeketi kwenye kiti hauvunji Sabato.

Rosalie alisimama na mkono wake kwenye swichi, maneno yale yakimzunguka kichwani. Taa iliyowashwa kwa ajili yako, usinufaike nayo. Alikuwa ameishika sheria hiyo tangu alipotoka chini ya kitanda, bila rabi wala mwalimu, na hakujua kwamba kuna watu duniani walioiandika. Akaizima taa. Hilo kweli alilifanya kwa ajili yake mwenyewe, na bibi hakuuliza.

Wakakaa. Baada ya muda bibi akakiri, kwa sauti ndogo ambayo Rosalie hakuwahi kuisikia kwake, kwamba anahitaji kwenda msalani, na anahitaji tangu kwenye kuku. Rosalie akasema amshike mkono, atampeleka, njia anaijua gizani kuliko mchana. Bibi akakataa. Njia ya msalani inapita mbele ya kiti cha Leonard.

"Sipiti pale bila kuona kama kimekaliwa," alisema.

Ndipo ubao wa koridoni ukalia.

Ulilia mmoja, kisha wa pili, karibu zaidi. Vidole vya bibi vikaupata mkono wa Rosalie mezani na kuung'ang'ania. Kitu kiliwapita, pembeni kabisa ya meza, na hewa ikasogea. Halafu huko dirishani ngozi ya kiti ikalalamika, taratibu, kama inavyolalamika mtu mwenye mgongo mbovu akiketi.

"Leonard," bibi alinong'ona. Kisha akamgeukia Rosalie. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaona sasa. Mabomba ya maji."

Lakini chumba kilikuwa kimejaa harufu ya mafuta ya taa, na Rosalie alijua ni nani aliyeketi pale. Nywele zilimsimama, na si kwa sababu ya mama, kwa maana huyo alikuwa ameshamzoea. Ni kwa sababu ya bibi. Miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kusikia. Daktari aliyempokea Marekani alimpa vidonge, mchungaji alimwekea mikono, na yeye mwenyewe siku nyingine aliamini kwamba mama yuko kichwani mwake tu. Na sasa masikio ya mtu mwingine yamemsikia akiketi. Basi yupo, Rosalie aliwaza. Yupo kweli, na kama yupo ana uso.

Akautafuta uso huo. Akapata mkono ulioshika kibatari. Akapata mgongo ukitoka mlangoni, na kitenge cha rangi ya udongo. Akatafuta macho, mdomo, namna alivyocheka, na hapakuwa na kitu. Alikuwa amekaa na mama yake gizani muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa naye kwenye mwanga, na katika kumlinda amemsahau sura. Alitaka kumwona. Hakutaka kumsaidia mtu, hakutaka kufanya kazi nzuri, alitaka tu kumwona mama yake, na alijua vizuri sana bei yake, kwa sababu tochi ya kambini ilimfundisha.

Akasimama.

"Unakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kwenye taa."

"Mimi sikukutuma."

"Najua, Bibi. Siyo kwa ajili yako."

Taa ya koridoni ilikuwa mbali na kiti. Iliyokuwa karibu ni ile ya kusomea, na mnyororo wake ulining'inia juu ya mkono wa kiti chenyewe, kwa hiyo ili kuuvuta ilimbidi anyooshe mkono wake juu ya yeyote aliyeketi pale. Alikwenda kwa kupapasa. Kila hatua harufu ilizidi. Alipofika alihisi joto, joto dogo la mwili wa mtu, na alipopitisha mkono juu ya kiti pumzi ilimgusa kwenye kifundo. Miguu ilitaka kukimbia. Vidole vyake vikaupata mnyororo.

"Mama, unisamehe," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Mi nataka tu nikuone. Hata kidogo."

Akavuta.

Kiti kilikuwa kitupu. Mto wake wa ngozi ulikuwa unainuka, polepole, ukijirudisha kwenye umbo lake na kutoa hewa, kama unavyofanya mto ambao mtu amenyanyuka juu yake sasa hivi. Harufu ilikuwa imekwisha. Rosalie aliutazama ule mto mpaka ukatulia, na alihisi amefanya kile alichoapa kutokifanya.

Ndipo akainua macho. Dirisha la nyuma halikuwa na pazia, na nje kulikuwa na weusi wa miti tu, na kwenye kioo alikuwa amesimama mama. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, mkono wake uko kwenye taa. Lile shavu lililobonyea, ule mdomo wa kuzuia kucheka, vilikuwa vile vile, vyote vilimrudia kwa pamoja. Rosalie si mtoto, alijua kioo ni nini, na alijua kwamba ameshafika umri ambao mama yake alikuwa nao usiku ule. Machozi yakamtiririka. Akauachia mnyororo, akainua mkono ayapanguse.

Mwanamke wa kwenye kioo hakuinua wake. Aliuacha pale kwenye taa kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba utambi umeshika vizuri, akamtazama Rosalie. Kisha naye akauinua.

"Umeiwasha kwa ajili ya nani?" bibi aliuliza kule mezani. Viganja vyake vilikuwa machoni.

"Kwa ajili yangu."

"Unataka kuona nini?"

"Mama yangu."

Bibi Mindel alilipima jibu hilo, kwa maana hakuwahi kupokea jibu bila kulipima. Kisha akashusha viganja na kufumbua macho. Alikitazama kiti cha Leonard kwa muda mrefu, mgongo wake, mikono yake, mto wake mtupu, na taratibu akaanza kulia. Alisema aliogopa kumkuta pale, na sasa hayupo, na hilo nalo hajui alifanyie nini. Rosalie akamwambia yeye pia hajui. Bibi akainuka, akapita mbele ya kiti akiwa ameegemea ukuta, akaenda msalani peke yake, akarudi, akaenda kulala.

Rosalie angeweza kuizima taa ile. Hakuizima. Aliketi kwenye kiti cha Leonard chini ya mwanga wake, akangoja, na hakuna ubao uliolia wala harufu iliyoingia. Akaingia jikoni na kufunga mlango, kwa heshima ya nyumba, akampigia simu Nishimwe. Alitaka kumwambia atoke kwenye ngazi, arudi ndani, awashe taa anayoitaka.

Nishimwe akasema hayuko kwenye ngazi. Yuko mezani, anasoma, karibu anamaliza.

"Unasomea wapi? Na giza?"

"No, the kitchen light was on when I came in. I thought you left it on for me." Rosalie akamsikia akinusa. "Mom, it smells kind of weird in here. Like, oil or something. Should I turn it off?"

Rosalie, ambaye maishani mwake hajawahi kumwachia mtu taa ikiwaka, alishika ukingo wa sinki kwa mkono uliobaki.

"Usiizime," akamwambia. "Ni yako. Kaa hapo hapo, usome."